Nyumba ya Kazi si Urithi wa Watoto

Ndugu msomaji, kila aishiye katika nyumba ya kazi anajua kwamba iko siku atatakiwa kuurudisha ufunguo. Aweza kupanda miembe uani, aweza kupaka kuta chokaa kwa fedha yake mwenyewe, aweza kuzalia watoto wake wote humo. Lakini barua ya kustaafu ifikapo, au mauti yamfikapo kabla ya barua, nyumba humngojea mwenye kazi mwingine. Je, siku hiyo mke na watoto watatoka na nini mkononi?

Swali hili si la kwetu peke yetu, wala si la jana. Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Leo natufungue mlango wa nyumba moja ya kazi iliyokuwa mbali sana, katika kijiji cha Steventon, mkoa wa Hampshire, kusini mwa Uingereza. Ilikuwa nyumba ya kasisi. Tangu mwaka 1768 hadi mwaka 1801 walikaa humo Kasisi George Austen na mkewe Cassandra, na humo wakawalea watoto wao.

Watu wengi wamelisikia jina la ukoo huu kwa sababu ya mtoto wao wa saba, Jane Austen, mtungaji wa hadithi ambazo zinasomwa duniani kote hata leo. Lakini leo sikusudii kuvichambua vitabu vyake. Nakusudia tuwatazame wazazi: walikotoka, walivyooana, walivyolea, walichowaachia watoto wao, na kile walichoshindwa kuwaachia.

Yatima wa Tonbridge

George Austen alizaliwa mwaka 1731 katika mji wa Tonbridge, mkoa wa Kent. Baba yake alikuwa tabibu mpasuaji. Mama yake alifariki George angali mtoto mchanga wa kushikwa mkono. Baba akaoa mke mwingine, kisha naye akafariki mwaka 1737. Basi George, akiwa na umri wa miaka sita, akawa yatima pamoja na ndugu zake wawili wa kike, Philadelphia na Leonora. Mama wa kambo hakutaka kuwalea. Watoto wakagawanywa kwa jamaa.

Bahati ya George ilikuwa ami yake, Francis Austen, mwanasheria mwenye uwezo aliyeishi Sevenoaks. Kwa msaada wa jamaa na kwa juhudi yake mwenyewe alisoma katika shule ya Tonbridge, na alipotimiza miaka 16 akapata nafasi katika Chuo cha Mtakatifu Yohana huko Oxford, kwa ufadhili uliokuwa umetengewa wanafunzi wa shule hiyo. Akasoma, akafundisha chuoni, akawekewa mikono kuwa kasisi.

Naye Philadelphia je? Vyuo vya siku zile havikupokea wanawake. Yeye aliwekwa London kujifunza kazi ya kutengeneza kofia za wanawake, na mwaka 1752 akapanda merikebu kwenda India, safari ya miezi mingi baharini, ili akatafute mume miongoni mwa Waingereza waliokuwa huko. Akampata tabibu mmoja, akaolewa. Liweke jambo hili moyoni, msomaji, maana tutalirudia: yatima wawili wa tumbo moja, mmoja alipewa chuo, mwingine akapewa merikebu.

Arusi ya vazi jekundu

Cassandra Leigh alizaliwa mwaka 1739 katika kijiji cha Harpsden, mkoa wa Oxfordshire. Baba yake pia alikuwa kasisi. Ukoo wa Leigh ulikuwa mkubwa kuliko ule wa Austen. Ulihesabu mabwana wenye ardhi na vyeo, na ami yake Cassandra alikuwa mkuu wa Chuo cha Balliol, Oxford, kwa zaidi ya miaka 50. Mwenyewe alikuwa mwanamke mwenye akili kali na ulimi mwepesi, hodari wa kutunga mashairi ya kuchekesha.

Walioana tarehe 26 Aprili 1764, katika kanisa la Walcot mjini Bath, miezi mitatu tu baada ya baba wa bibi arusi kufariki. Simulizi za ukoo zinaeleza kwamba bibi arusi hakuvaa nguo nyeupe ya kifahari. Alivaa vazi jekundu la kupandia farasi, na vazi hilo likaendelea kuwa nguo yake ya kila siku kwa miaka ya mwanzo ya ndoa. Lilipochakaa halikutupwa, bali lilikatwa, likashonwa kuwa koti la mtoto wao wa kiume. Wale wanaokopa ili waoe, kisha wakaanza maisha kwa kukimbizana na wadai, hapa wana la kujifunza.

Kipato cha kasisi

Usidhani kwamba kasisi wa kijiji wa siku zile alikuwa akipokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Alipewa parokia, na parokia ilikuja na vitu vitatu: nyumba ya kukaa, kipande cha shamba la kanisa, na fungu la kumi la mazao ya wakulima wa eneo hilo. Tena haki ya kumteua kasisi ilikuwa mali ya mtu binafsi, mali ya kurithiwa na hata ya kuuzwa kama shamba. Mwenye haki hiyo huko Steventon alikuwa Thomas Knight, tajiri aliyekuwa na udugu wa mbali na George. Ndiye aliyempa parokia mwaka 1761. Naye ami Francis akanunua haki ya parokia jirani ya Deane, akampa mpwawe mwaka 1773. Bila jamaa, elimu ya Oxford peke yake isingalimtosha.

Hata hivyo mapato yalikuwa haba na watoto walikuwa wakiongezeka: James mwaka 1765, George mwaka 1766, Edward mwaka 1767, Henry mwaka 1771, Cassandra mwaka 1773, Francis mwaka 1774, Jane mwaka 1775 na Charles mwaka 1779. Watoto wanane, na madeni juu yake. Wazazi hawa walifanya nini? Mwaka 1773 waliigeuza nyumba ya kasisi kuwa shule ndogo ya bweni. Walipokea wavulana wa watu wenye uwezo, George akawafundisha Kilatini na Kigiriki, na shughuli hiyo wakaifanya kwa zaidi ya miaka 20. Juu ya hayo kasisi alilima shamba la kukodi, akafuga kondoo na nguruwe.

Lakini mwenye kuibeba shule ile alikuwa mama. Ndiye aliyepika, au kusimamia upishi, wa watu zaidi ya kumi kila siku. Ndiye aliyefuga kuku, aliyekamua maziwa na kusukasuka siagi, aliyeoka mikate na kutengeneza pombe ya nyumbani, aliyeshona mashati na kutibu homa za watoto wa wenziwe. Alipanda viazi mviringo wakati vilikuwa bado vitu vigeni katika kijiji kile. Alipompa mke wa mkulima mmoja viazi vya mbegu, mama yule alivikataa, akisema hivyo ni vya wakubwa na gharama ya kuvilima haiwezekani kwa mtu kama yeye. Hesabu za George Austen zingeonyesha ada za wanafunzi, lakini kazi ya mkewe haikuandikwa katika daftari lolote. Ni mara ngapi jambo hilo hutokea katika nyumba zetu?

Liko na jambo jingine ambalo haifai tulipite kimya. Mwaka 1760 jina la George Austen liliandikwa katika hati kuwa mmoja wa wadhamini wa shamba la miwa katika kisiwa cha Antigua, mali ya rafiki aliyejuana naye Oxford. Baadaye mwana wa rafiki huyo alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa Steventon. Shamba lile lililimwa na watumwa Waafrika. Kasisi huyu hakuvuka bahari kwenda kushika kiboko, na katika kijiji chake alijulikana kuwa mtu mpole. Lakini sahihi yake ilikuwa pale. Ndivyo utumwa ulivyokuwa: uliingia hata katika nyumba zenye sala asubuhi na jioni. Miaka 80 baadaye, mwaka 1840, mwanawe Henry, ambaye naye alikuwa kasisi kwa wakati huo, alihudhuria mkutano mkubwa wa kupinga utumwa uliofanyika London. Mtoto aweza kutambua kosa ambalo mzazi wake hakuliona.

Malezi

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Watoto wa Steventon walinyonyeshwa na mama yao miezi michache, kisha wakakabidhiwa kwa familia moja ya kijijini mpaka waweze kutembea na kusema, huku wazazi wakienda kuwaangalia kila siku. Desturi hiyo yatushangaza sisi, lakini pale ilikuwa ya kawaida. Jane alizaliwa katika Desemba ya baridi kali. Baba yake alimbatiza nyumbani kwanza, na kanisani hakupelekwa mpaka Aprili.

Waliporudi nyumbani, walirudi katika nyumba ya vitabu. Maktaba ya kasisi ilizidi vitabu 500, na mabinti hawakufungiwa kabati. Ghalani vijana waliigiza michezo ya kuigiza, mama akicheka pamoja nao. Iko kumbukumbu moja inayopendeza sana. Katika daftari la ndoa la kanisa la Steventon mna ukurasa wa mfano, wa kuonyesha namna ya kuandika matangazo ya ndoa. Jane alipokuwa msichana aliujaza ukurasa huo kwa kujiozesha mwenyewe kwa waume wa kubuni, mmoja baada ya mwingine. Daftari lilikuwa la serikali na la kanisa. Baba mkali angempiga. Ukurasa ule haukuchanwa, na upo hata leo.

Kwa watoto wa kiume, kila mmoja alitafutiwa njia. James, na baadaye Henry, walisoma Oxford katika chuo kile kile cha baba yao, kwa nafasi zilizotengewa watu wa nasaba ya mwasisi wa chuo. Nasaba hiyo ilikuwa ya upande wa mama. Hapa ndipo tuonapo faida ya kujua ukoo: bibi aliyezijua shina na matawi ya jamaa zake aliwapatia wanawe elimu ambayo fedha ya mumewe isingaliinunua. Francis na Charles walipelekwa katika chuo cha wanamaji kule Portsmouth wangali na umri wa miaka kama 12. Francis alipoondoka kwenda bahari ya Hindi mwaka 1788, akiwa kijana wa miaka 14, baba yake alimwandikia barua ndefu ya wosia: asisahau sala zake, awatii wakubwa, awatendee wema walio chini yake, aandike hesabu ya matumizi yake na alete barua nyumbani. Kijana huyo aliishi mpaka umri wa miaka 91, akapanda hadi cheo cha juu kabisa katika jeshi la majini la Uingereza. Barua ya baba yake aliitunza siku zote hizo.

Edward alipata njia ya namna nyingine. Akina Knight, wenye mashamba makubwa, hawakujaliwa mtoto, wakampenda kijana huyu. Walipoanza kumwita akae nao kwa muda mrefu, baba alisitasita, akiogopa kwamba mwanawe atabaki nyuma katika Kilatini. Mama ndiye aliyeona mbali zaidi, akamshauri mumewe amwache mtoto aende. Edward akafanywa mwana wao, akarithi mashamba ya Godmersham na Chawton, na mwaka 1812 akalichukua jina lao la Knight.

Mtoto aliyekaa mbali

Mtoto wa pili, aliyepewa jina la baba yake, hatajwi sana katika habari za ukoo huu. George mdogo alikuwa na ugonjwa wa kuanguka na hakukua kama wenziwe. Wazazi walimweka kwa watu wa kumtunza katika kijiji cha Monk Sherborne, si mbali na kwao, pamoja na mjomba wake aliyekuwa na ulemavu wa akili. Gharama za matunzo zililipwa, na alipoishi hakutupwa njaani. Aliishi mpaka mwaka 1838, akafa akiwa na umri wa miaka 71, akiwa amewazidi umri ndugu zake wawili tu. Lakini hakukua katika meza ile ya vitabu na vicheko.

Tusiwahukumu haraka. Hapakuwa na hospitali wala shule kwa mtoto wa namna ile, na nyumba ilikuwa imejaa wanafunzi ambao ada zao ndizo zilizowalisha wote. Hata hivyo, msomaji, kama nyumbani kwako yuko mtoto ambaye wageni wakija hupelekwa chumba cha nyuma, fikiri juu ya George mdogo. Mama yao alipofariki mwaka 1827, Edward aliitoa sehemu yake ya urithi iende katika matunzo ya ndugu yake huyo. Hilo na likumbukwe kwa heri.

Mabinti wawili

Sasa twende kwa Cassandra na Jane. Mwaka 1783 walipelekwa shule ya bweni, Jane akiwa na umri wa miaka saba. Homa kali ikazuka. Jane nusura afe, na mamake mkubwa aliyekwenda kumchukua bintiye katika shule hiyo aliambukizwa, akafariki. Baadaye wakapelekwa shule nyingine mjini Reading, wakakaa hadi mwaka 1786. Huo ndio ukawa mwisho wa shule yao. Wavulana walipewa chuo au manowari. Wasichana walirudishwa nyumbani wangoje waume.

Cassandra alichumbiwa na kijana kasisi, Tom Fowle, aliyekuwa zamani mwanafunzi wa baba yake. Hawakuwa na fedha ya kuanzia maisha, na kijana akaenda visiwa vya Karibi akiwa kasisi wa jeshi. Huko homa ya manjano ikamwua mwaka 1797. Alimwachia mchumba wake pauni 1,000. Cassandra hakuolewa tena, wala Jane hakuolewa.

Ama kuhusu Jane, baba yake alifanya jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa nadra. Inaaminika kwamba ndiye aliyemnunulia, mwaka 1794, kile kisanduku cha kuandikia ambacho leo kimehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza mjini London. Tena mwezi Novemba 1797 alichukua kalamu yake mwenyewe, akamwandikia mchapishaji mkubwa wa London, Thomas Cadell, kumweleza kwamba anao mswada wa hadithi, na kumwuliza ingegharimu kiasi gani kuuchapa kwa fedha ya mtungaji. Jibu likaja kwa posta iliyofuata: mswada hautakiwi, bila hata kuusoma. Baba hakumwambia binti yake aache upuuzi. Binti akaendelea kuandika.

Siku ya kurudisha ufunguo

Mwishoni mwa mwaka 1800 Kasisi Austen, akikaribia miaka 70, aliamua kupumzika na kuhamia Bath. Mwanawe mkubwa, James, angeshika kazi ya parokia kwa niaba yake na kuingia katika nyumba. Simulizi za ukoo zinasema kwamba Jane alipopewa habari hiyo ghafla alizimia. Kweli au si kweli, kilichofuata kimeandikwa: vitabu zaidi ya 500 vikauzwa, piano ikauzwa, ng'ombe na vyombo vikaachwa. Maisha ya miaka 33 yakatolewa nje kwa mnada.

Kwa miaka michache waliishi vizuri, maana fungu la kumi lilikuwa limepanda, na mapato ya mzee yalikaribia pauni 600 kwa mwaka. Lakini mapato hayo yalikuwa yake yeye, si ya mkewe. Tarehe 21 Januari 1805 Kasisi George Austen alifariki Bath baada ya ugonjwa wa siku mbili tu. Akazikwa katika kanisa la Walcot, lile lile alilofungia ndoa miaka 40 kabla yake. Siku hiyo hiyo fungu la kumi likakoma. Hapakuwa na pensheni ya mjane, hapakuwa na kiinua mgongo. Parokia ikawa ya kasisi mwingine, na huyo alikuwa James mwanawe.

Bibi Austen na Cassandra kwa pamoja walibaki na pauni 210 kwa mwaka. Jane hakuwa na chochote. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hapo malezi ya Steventon yakaonekana: wana wakakaa shauri. Edward akaahidi pauni 100 kila mwaka, James 50, Henry 50. Francis alitaka kutoa 100, lakini mama yake akakubali kupokea 50 tu. Jumla ikawa pauni 460. Walinusurika na ufukara. Lakini hawakuwa na kwao. Kwa miaka minne wanawake hawa walihama kutoka vyumba vya kupanga hadi vingine, kisha wakaenda kukaa na Francis kule Southampton, mpaka mwaka 1809 Edward alipowapa nyumba ndogo katika shamba lake la Chawton.

Huko Chawton Jane alikifungua tena kisanduku chake. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1811, kikampatia pauni 140. Cha pili kilitoka mwaka 1813, mswada wake akiuuza kwa pauni 110. Huo ulikuwa ule ule ambao baba yake alikataliwa kwa posta, ukiwa umeandikwa upya. Mzee alikuwa kaburini mwaka wa nane. Basi yule ambaye hakutengewa urithi wowote alipata kwa kalamu yake, katika kitabu kimoja, fedha iliyozidi msaada wa mwaka mzima wa kaka yake tajiri.

Walakini wahenga walionya: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 1816 benki ya Henry ilifilisika. Fedha za ndugu zake zilizokuwa humo zikapotea, na Henry na Francis hawakuweza tena kumletea mama yao zile pauni 50. Mwaka uliofuata ndugu tajiri wa Bibi Austen alifariki, naye hakumwachia dada yake chochote. Mwaka huo huo, tarehe 18 Julai 1817, Jane alifariki Winchester akiwa na umri wa miaka 41. Karibu vyote alivyokuwa navyo alimwachia Cassandra, kwa kuwa alijua mwanamke asiye na mume wala mshahara anahitaji nini.

Mama alibaki. Katika uzee wake Chawton alikuwa akivaa joho la kijani kama la kibarua wa shamba, akitoka bustanini kuchimba viazi vyake mwenyewe. Alifariki mwaka 1827 akiwa na umri wa miaka 87.

Kilichobaki

Ukienda Steventon leo, kanisa lipo. Nyumba ya kasisi haipo; ilibomolewa miaka kama 200 iliyopita, na mahali pake ni malisho tu. Kwa hiyo hata kama watoto wangaliipigania, wangalipigania nyasi. Kilichobaki ni kile ambacho mwenye nyumba hakuweza kukidai: kusoma, kuandika, na ndugu kujua kwamba ni ndugu.

Lakini tusifumbe macho. Wazazi hawa walikuwa wema, walikuwa na bidii, walipendana kwa miaka 40. Hata hivyo walimwacha mjane na mabinti wawili juu ya huruma ya wanaume. Sheria na desturi za nchi yao ndizo zilizowabana. Sisi leo hatuna udhuru huo wote. Binti yaweza kusomeshwa kazi itakayomlisha. Mke aweza kuandikishwa jina katika akiba na katika kiwanja. Na jasho lake la jikoni na la bustani lihesabiwe wakati angali hai mwenye kulihesabu.

Basi jioni ya leo, Ndugu msomaji, baada ya chakula, kaa na mwenzi wako, mwite na binti yako mkubwa asikilize. Jiulizeni: ufunguo huu ukitakiwa kesho, nani atakwenda wapi? Nani ana nini kwa jina lake mwenyewe? Na yule mtoto dhaifu, nani atamtunza sisi tukiondoka? Majibu yaandikeni katika daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Mkiona daftari lina kurasa tupu, msivunjike moyo. Anzeni na ukurasa mmoja.

Jumapili njema.